Kwenda kutembea Unguja: historia ya pumziko na wanaolibeba



Kila ukiingia mwezi wa sita hapa Ruwi, mazungumzo yetu sie wenye asili ya Unguja huwa ni yale yale: joto na tiketi. Anayeijua Ruwi hahitaji kuelezwa. Ni bonde lililozungukwa na majabali, na majabali hayo yakishapigwa na jua kutwa hayalali usiku, yanaendelea kutoa moto mpaka alfajiri. Skuli zishafungwa, watoto wamechoka kufungiwa ndani na kiyoyozi. Basi maofisi ya safari katikati ya mji yanajaa watu, na ukisimama mlangoni utasikia Kiswahili cha kila namna: cha Mji Mkongwe, cha Wete, cha Mombasa, hata cha Bujumbura. Wapo wanaokwenda Salala kufuata manyunyu ya kharifu. Lakini wengi wetu suala letu ni moja: Zanzibar bei gani mwaka huu?

Na hapo ndipo mabishano yanapoanza. Vijana waliozaliwa huku wanasema wanakwenda kustarehe: pwani nyeupe, hewa ya kipupwe, ngoma na sherehe. Wazee hukasirika. "Sie si watalii," husema bibi mmoja ninayemfahamu, mzaliwa wa Malindi, "sie twenda kwetu." Mjukuu wake humjibu kwa adabu: "Sawa bibi, lakini kwenu mbona twalipia hoteli?" Mie huwasikiliza wote wawili, na kila mwaka nazidi kuona kwamba kuna kitu wote wanakiruka. Kijana anadhani kisiwa cha mapumziko kimeanzishwa na mahoteli. Bibi anadhani zamani kulikuwa na nyumbani tu, na utalii umekuja kuharibu. Historia haikubaliani na yeyote kati yao.

Ninalotaka kusema leo ni hili. Unguja kuwa mahali pa kupumzikia hakukuanza na Mtaliana wa Kiwengwa. Kulianzishwa na watu wetu wenyewe, karne ya 19, na tangu siku ya mwanzo pumziko lile lilikuwa na wachukuzi wake: aliyechota maji, aliyepanda mikarafuu, aliyepiga ngoma. Pwani na upepo kajaalia Mungu. Pumziko hufanywa na watu, na watu hao hawaonekani katika picha za matangazo, wala katika hadithi zetu za "zamani Unguja ilikuwa njema".

Tuanze na lugha, kwani hapa wengi wetu ni watu wa lugha. Kiswahili kina neno "kutembea" ambalo halina uhusiano na miguu. Nikikwambia "nakuja kwako kutembea", maana yake naja kukaa, kula, kujuliana hali, na sitakuja mikono mitupu. Kisha lipo "kutalii". Hili limetokana na mzizi wa Kiarabu wa kusoma na kuchungua; mutalaa ni kukisoma kitabu. Kwa asili yake basi mtalii ni mtu anayeisoma nchi. Na la ajabu, Mwarabu mwenyewe hamwiti hivyo mgeni wa namna hii, humwita saih, yaani mtu wa kuzunguka. Kiswahili kimechagua neno zuri zaidi kutoka katika lugha ya jirani kuliko lile analotumia jirani mwenyewe. Neno la tatu ni "kurudi". Bibi wa Malindi anasema anarudi, mjukuu anatalii, na aliyewapokea uwanja wa ndege anategemea wamekuja kutembea. Safari moja, maneno matatu, na kila neno lina haki zake na wajibu wake.

Sasa tuje kwenye pepo. Wazee wetu walikwenda Unguja kwa kaskazi. Majahazi ya Sur na Batina yalianza kushuka mwezi wa kumi na mbili, yakakaa bandarini mpaka upepo ugeuke, yakapanda na kusi kuanzia mwezi wa nne. Walileta tende, chumvi na samaki wakavu, wakarudi na boriti za mikoko za kuezekea majumba ya huku. Hakuna nahodha mwenye akili zake ambaye angeshuka kusini mwezi wa saba, kusi ikimpiga usoni. Ndege imeupindua msimu huo wote. Sie twenda Julai na Agosti, wakati ule ule ambao jahazi halikuweza kwenda. Baharia wa Sur alifika Unguja katika joto, akafanya kazi. Sie twafika katika kipupwe, hatuuzi kitu, twanunua hewa. Tofauti hii si ndogo. Mtu aliyekuja na mzigo alilazimika kujuana na mwenyeji, maana bila ya mwenyeji hauzi wala hanunui. Mtu aliyekuja na kadi ya benki anaweza kukaa wiki mbili na asijue jina la anayemtandikia kitanda.

Lakini kununua hewa nako kuna wazee wake. Hapa hapa Ruwi pana ngome ya Bait al-Falaj, ambayo siku hizi ni makumbusho ya majeshi. Ilijengwa enzi za Seyyid Said bin Sultan, katika miaka ya 1840. Wakati huo mwenyewe Seyyid Said alikuwa keshahamishia makao yake Unguja. Wanahistoria wamezieleza sababu zake mara nyingi: pembe za ndovu, karafuu, bandari, siasa za Waingereza na za wapinzani wake wa Oman. Zote ni kweli. Lakini tusidharau ile nyepesi. Maskati ni mji wa majabali na joto, na maji yake ni ya kugawana kwa saa. Unguja ina mvua mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, na chemchemi zinazotiririka bila kuombwa. Mtu wa Oman akiona maji yanapita bure karibu na mlango wake huona pepo ndogo ya dunia.

Ndiyo maana kasri lake la Mtoni lilijengwa pwani, pembeni ya kijito, nje ya mji. Jina lenyewe linasema. Huko Kidichi, juu ya kilima katikati ya mashamba, alimjengea hamamu mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah Fath Ali, ili akitoka kuwinda na kutembelea mashamba apate pa kukogea. Binti yake, Seyyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete na kuhamia Ujerumani, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Katika kitabu kile tunayaona maisha ya Mtoni, ya Bububu na ya mashambani: mabwawa ya kukogea, wanyama na ndege uani, safari za kwenda shamba. Ukikisoma leo ukiwa umekaa Hamburg kama alivyokaa yeye, au umekaa Ruwi kama nilivyokaa mimi, moyo unakwenda. Ni kitabu cha mtu aliyeondoka akakumbuka. Sote tuliomo humu tunakijua kilio hicho.

Lakini tukisome kama watalii wa kweli, maana yake kwa kuchungua. Ndani ya kitabu kile kile Salme anautetea utumwa na kulalamikia haraka ya Wazungu ya kuufuta. Nani aliyejaza mabwawa yale? Nani aliyepanda mikarafuu iliyolipia marumaru? Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliendeshwa kwa jasho la watumwa walioletwa kutoka bara, Wayao, Wanyasa, Wamanyema, Wazaramo na wengineo. Biashara ya kuwasafirisha kwa bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Juni 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikaondolewa kwa amri ya Aprili 1897. Baina ya tarehe hizo mbili yamo maisha mazima ya watu ambao "kwenda shamba" kwao hakukuwa mapumziko. Mtu wa mji akisema "twenda shamba" alimaanisha kivuli, madafu na upepo. Mtumwa akilisikia neno hilo hilo alisikia jembe. Neno moja, na baina ya maana zake mbili ndimo ilimo historia yetu nzima.

Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, aliendeleza mila hii. Alijenga Maruhubi kwa ajili ya watu wa nyumba yake, kasri ambalo liliungua 1899 na leo zimebaki nguzo zake. Alijenga Chukwani, kusini ya mji, kufuata hewa ya bahari. Lakini Barghash alifanya na jambo jingine ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko Beit al-Ajaib yake ya 1883. Aliyavuta maji ya chemchemi ya upande wa Bububu kwa mfereji mpaka mjini, watu wa kawaida wakachota. Alikuwa kijana aliyewahi kuhamishiwa Bombay baada ya kumwasi kaka yake, akaona miji mikubwa inavyoishi. Kwa mara ya kwanza maji yaliyokuwa yakipendezesha makasri yakawa haki ya mtaa. Likumbukeni hili la maji, nitalirudia.

Na sherehe je? Maana kijana wa leo haendi kwa pwani tu, anakwenda pia kwa ngoma, taarab na shamrashamra. Hapa pia wachukuzi ni wale wale. Taarab iliingia katika jumba la Barghash kama burudani ya wakubwa, na klabu ya Nadi Ikhwan Safaa ikaasisiwa 1905 na waungwana wa mji. Lakini sauti iliyoitoa taarab majumbani na kuifanya ya watu ilitoka ng'ambo ya pili. Siti binti Saad alizaliwa kijiji cha Fumba katika ukoo wa kitumwa, akafinyanga vyungu na kuviuza, akaingia mjini mwaka 1911. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi santuri kwa Kiswahili, na santuri zile zikachezwa katika mwambao wote. Mtaa wa Ng'ambo, ule uliojaa waliotoka utumwani na vizazi vyao, ndio uliozalisha furaha ambayo leo inauzwa kama "utamaduni wa Zanzibar".

Wenzetu wa visiwa vya Karibi wanaijua habari hii kuliko sie. Watu humiminika Trinidad kila mwaka kwa ajili ya kanivali, na wengi hudhani ni jua na rangi tu. Kanivali ile ilianzia kwa wapanda miwa wa Kifaransa waliokuwa wakicheza dansi majumbani mwao. Baada ya watumwa kupata uhuru wao kamili mwaka 1838, waliokombolewa ndio walioiteremsha barabarani wakaifanya yao, na wakubwa wakajaribu kuizima. Barbados na Jamaika nazo zilikuwa mashamba ya miwa kabla ya kuwa pwani za watalii. Sukari kule, karafuu kwetu. Zao likishuka bei, mchanga unageuzwa kuwa zao jipya, na wajukuu wa waliolima ndio wanaobeba trei. Sisemi haya kwa kumtukana anayebeba trei, kazi ni kazi. Nasema tuione nasaba.

Wakati wa Waingereza, pumziko lilipanuka kidogo. Mwaka 1905 ilijengwa reli kutoka mjini mpaka Bububu, na abiria wa meli za Ulaya waliokuwa na saa chache tu bandarini walipandishwa treni hiyo wakaonyeshwe minazi na mikarafuu. Haikudumu hata miaka thelathini. Wakubwa wa serikali na matajiri wa mji walikuwa na Chwaka, upande wa mashariki, ambako walikwenda kufuata upepo. Huo ulikuwa utalii wa watu wachache, na ulikaa ndani ya ngazi zile zile za rangi na daraja.

Kisha 12 Januari 1964. Sitaki kuifungua mada hiyo hapa, tunajua inavyotugawa. Nasema moja tu linalohusu safari. Maelfu waliondoka, wengine kwa mtumbwi, wengine kwa meli, wengine miaka kadhaa baadaye kwa kutoroka usiku, na kwa muda mrefu hapakuwa na kurudi wala kutembea wala kutalii. Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos alishika utawala huku Oman, akawaita wenye asili ya Oman waliotawanyika waje kuijenga nchi. Walikuja kutoka Cairo, Kuwait, Dubai, Uingereza, na kutoka Afrika ya Mashariki yenyewe. Walikuwa wamesoma, na nchi ilikuwa na skuli tatu tu. Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba kabla ya kiwanja cha Seeb kufunguliwa 1973, ndege zilikuwa zikitua hapa hapa Ruwi, katika kiwanja cha Bait al-Falaj, baina ya majabali. Wapo wazee wetu ambao mguu wao wa mwanzo katika ardhi ya Oman waliukanyaga pale ambapo leo pana mabenki na maofisi ya tiketi. Ruwi ya madukani na maghorofa imejengwa juu ya kiwanja cha kuwasili. Si ajabu basi ikawa mji wa watu wanaozungumza kuondoka.

Huko nyumbani mlango ulifunguka katikati ya miaka ya 1980, na haukufunguliwa na mapenzi peke yake. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake za kreteki, ilianza kujitosheleza kwa karafuu zake yenyewe, na bei ikaanguka. Hazina ikawa tupu. Biashara ikalegezwa, sheria ya kulinda vitega uchumi ikapitishwa 1986, na utalii ukatangazwa kuwa mrithi wa karafuu. Mwaka 1985 wageni hawakufika elfu ishirini kwa mwaka mzima. Mwaka 2019 walizidi laki tano, na 2024 wakapita laki saba. Mji Mkongwe ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Tamasha la filamu la nchi za majahazi lilianza 1998, na Sauti za Busara ikaanza 2004 ndani ya Ngome Kongwe. Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani, vijiji ambavyo mtu wa mji alikuwa haendi ila ana jamaa huko, vikawa majina ya dunia.

Na katika wageni hao tumo sie. Hapa ndipo ninapotaka tujitazame bila ya hasira. Bibi wa Malindi ana pasi ya Oman. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Tangu Oktoba 2024 mgeni mwenye pasi ya kigeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kukata bima ya safari ya dola 44, na bibi yetu husimama mstari mmoja na kijana wa Milano. Najua inauma. Lakini tuwe waadilifu: tukishavuka mstari ule, wengi wetu tunakwenda sehemu zile zile anazokwenda kijana wa Milano, tunalala pale pale, na tunalalamikia huduma kwa sauti kubwa zaidi kwa sababu tunajua Kiswahili.

Mwaka mmoja nilikuwa mwambao wa mashariki, katika hoteli ambayo jina lake nitalihifadhi. Asubuhi maji yalikuwa yametoka, na wanawake wa kijiji wakipita na magunia kwenda kwenye mashamba yao ya mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake. Mlinzi, kijana wa kutoka bara, aliwaambia wapite mbali, wageni wanapiga picha. Mmoja wao, mtu mzima, alisimama akamwambia kwa upole: "Mwanangu, bahari hii haina mlango." Kisha akapita pale pale alipokuwa akipita siku zote. Wageni wawili wa meza ya pembeni, wenye lahaja yetu wenyewe, walicheka na kuendelea na chai yao. Mlinzi alifanya alichoamrishwa, na yule mama alifanya alichorithi. Sie tuliokuwa mezani ndio ambao hatukuwa na la kufanya, na hilo ndilo lililonikaa rohoni.

Sasa turudi kwenye maji. Mwaka 2012 jumuiya ya Tourism Concern ya Uingereza ilichapisha uchunguzi wake uliohusu vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Walikuta kaya moja ya kijijini inatumia kwa wastani lita 93 hivi kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kinatumia zaidi ya lita 3,000. Soma tena: kaya nzima, na chumba kimoja. Unguja haina mito mikubwa. Maji yake yamo chini ya mawe ya matumbawe, na huko pwani ukiyavuta kupita kiasi chumvi inaingia kisimani. Bwawa la kuogelea lililo hatua ishirini kutoka baharini ni Kidichi mpya, tena bila ya mfereji wa Barghash.

Na hapa sie wa Oman hatuna udhuru. Tunaishi katika nchi ambayo imejengwa juu ya falaj, na falaj si mtaro tu, ni sheria. Kila shamba lina zamu yake, kila mtu anajua saa yake, na juu ya mtaro, kabla ya maji kufika kwenye mitende ya tajiri, panachotwa kwanza maji ya kunywa ya kila mtu. UNESCO iliuweka mfumo huu katika urithi wa dunia mwaka 2006. Ruwi yenyewe imeitwa Bait al-Falaj, nyumba ya falaj, kabla haijawa nyumba ya benki. Mtu aliyelelewa na desturi hiyo akienda Unguja asiulize maji ya chumba chake yametoka kisima gani, basi kasahau alichofundishwa huku, mbali ya alichokiacha kule.

Kuna mahali Unguja ambapo jibu la suala hili limehifadhiwa tangu zamani. Kila Julai Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa, mwaka mpya wenye asili ya Nairuz ya Waajemi. Wanaume hupigana kwa magogo ya migomba kutoa nyongo za mwaka uliopita, kibanda huchomwa moto, wanawake huimba, na karamu huendelea kwa siku nne. Watalii humiminika kwa ajili ya ule ugomvi na moto. Lakini moyo wa siku ile ni kitu kingine: mwenyeji wa Makunduchi huona kuwa si kheri kuuanza mwaka bila ya mgeni nyumbani kwake. Mgeni si mtazamaji, ni sehemu ya ibada ya kijiji. Anakaribishwa, analishwa, anaulizwa habari za kwao. Hiyo ndiyo "mgeni njoo, mwenyeji apone" kwa vitendo. Hii ndiyo sherehe kongwe kuliko tamasha lolote lenye tiketi, na hapo mgeni halipi kiingilio, analipa kuwepo kwake.

Lakini wahenga waliweka methali ya pili karibu yake: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mie naamini methali hizi mbili ndizo sera nzima ya utalii, na serikali yoyote ingeweza kuzichapisha ukurasa wa mwanzo. Ya kwanza inampa mgeni heshima. Ya pili inampa heshima kubwa zaidi, maana jembe hapewi mtu baki. Jembe hupewa mtu wa nyumbani.

Sie tumekwenda Unguja si siku mbili bali miaka arubaini sasa tangu mlango ufunguke. Jembe letu liko wapi? Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika matengenezo yaliyofadhiliwa na Oman, na watu wawili wakapoteza maisha. Katika mazungumzo ya Ruwi wiki ile nilisikia maombolezo marefu juu ya jumba, saa yake, roshani zake. Juu ya wale wawili nilisikia machache sana. Ndiyo desturi yetu ile ile ya kuliona kasri tusimwone mchukuzi, na imetufuata kutoka Mtoni mpaka kwenye simu zetu za mkononi.

Siandiki haya kumzuia mtu kwenda. Nendeni, wallahi nendeni. Ruwi mwezi wa saba si pa kumshauri mtu abaki. Wapelekeni watoto wakakoge bahari ya Jambiani, wale embe na shokishoki kama msimu upo, wasikie taarab klabuni na wapigwe na baridi ya kipupwe. Lakini wapelekeni pia Kidichi mkawaambie nani alijenga na nani alichota. Wapitisheni Ng'ambo, si Forodhani tu. Kama mna jamaa kijijini, laleni kwao usiku mmoja, muone ndoo inavyojazwa. Hoteli mnayolala iulizeni maji yake na mishahara yake, kwa Kiswahili, ili anayejibu ajue mmefahamu. Na mama wa mwani akipita mbele ya meza yenu, simameni mumsalimu shikamoo kama mlivyolelewa.

Bibi wa Malindi na mjukuu wake wanabishana kama wanarudi au wanatalii. Mie ningewashauri wote wawili wachukue lile neno la kwanza, kutembea. Anayerudi anadai haki, anayetalii anadai huduma. Anayekwenda kutembea hadai kitu, anaingia na kitu mkononi, na siku ya tatu anauliza jembe liliko.

Nawasikiliza wenye la kuongeza, hasa waliowahi kuishi Makunduchi na Chwaka, ambao wanayajua haya kwa kuyaishi. Wabillahi tawfiq.